Mwenye Kalamu

Theluji imeziba dirisha la chini,
na sisi sita tumebanana chumba cha nyuma cha baa, Kunovice,
mmoja kakalia pipa,
tukigombania ndege ambayo hakuna atakayeipanda.

Ndugu wawili wa Brno, waundaji wa ndege za kompyuta,
wametuandikia: leteni jina. Moja tu.
Ni kazi ya miezi kumi na minane
na mikono tuliyo nayo ni minne.
Kalamu nimepewa mimi,
kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na sauti yangu haisikiki.

Ctirad alianza kabla povu la bia halijatulia.
Anataka lile jitu, injini nne, ghorofa mbili,
abiria mia tano wasiokuwepo,
alirushe Praha hadi Singapore usiku kucha
mkewe akidhani kalala.
"Hilo tunalo tayari," akasema Radana.
"Hamna! Lenu taa ya choo haiwaki!"
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Radana mchana hung'oa meno ya watu.
Usiku anataka helikopta ya uokoaji,
yenye kamba, na mtu wa kuning'inia juu ya miamba.
Nani ataning'inia?
"Mume wangu. Kashazoea."

Lubor akataka ndege ya kivita
ambayo michoro yake bado ni siri ya serikali.
"Michoro nitaipata," akasema,
kwa namna iliyotufanya sote tuchungulie bilauri zetu.

Msituone watoto.
Ivo hakwenda harusi ya Lubor
kwa ajili ya rangi ya zulia la chumba cha rubani:
kijivu, au kijivu kilichopauka?
Huu ni mwaka wa tisa wanapeana mkono wa kushoto.

Otakar alikuwa anamaliza karanga.
Huendesha winchi ghalani, hajawahi kupiga kura,
tulishamhesabu kama kiti.
Akajifuta chumvi vidoleni.
"Čmelák," akasema.

Nyuki mnene.
Ile ndege ya kunyunyizia dawa mashamba ya ushirika,
pua butu, tumbo limejaa sumu,
inayopaa kama mtu anayeinuka kitini na magoti mabovu.

"Itanunuliwa na nani?" Ctirad akauliza.
"Nyuma ya tangi mna kiti cha fundi," Otakar akaendelea,
kana kwamba hakuulizwa.
"Kinatazama mkiani. Mama alikikalia miaka kumi na moja.
Kila walikotoka alikuona,
walikokwenda hakukuona hata siku moja.
Mimi kurusha sitaki. Nataka kukaa pale."

Bomba la joto likagonga ukutani, mara mbili.
Ivo akataka kusema kitu cha zulia, akaacha.

"Ina choo?" Ctirad akauliza mwishowe, kwa upole wake.
"Haina."
"Basi angalau hawatakikosea."

Kisha kura. Huruma ni huruma, kura ni kura.
Jitu, tatu: Ctirad, Ivo,
na Lubor, aliyeikana siri yake kwa bia ya bure.
Helikopta, moja. Nyuki, moja.
Yangu hawakuiuliza. Hawaiulizi.

Wakavaa makoti, wakapigana vikumbo mlangoni,
Otakar akalipa karanga zake kwa sarafu, moja moja,
akanitakia usiku mwema kwa jina langu kamili.

Wengi wape, walisema wahenga.
Ila wahenga walisema tu,
hawakuachwa peke yao mezani na karatasi.

Nikaandika jina moja, na kile kijialama juu ya herufi ya kwanza
nikakiweka sawasawa, kisije kikapotea njiani.
Chini yake, bila kuombwa na mtu:
msisahau kiti cha nyuma.
Kioo chake kiwe na vumbi.